Tarakimu ya Mwisho Husomwa Kwanza

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa swichi ya plastiki, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa ubavuni mwa mashine ya kuhesabu, upande wa kushoto, na ilikuwa na vituo viwili vya kipimo cha pembe: juu nyuzi, chini gradi. Nililala chali katika chumba nilichopanga mtaani Nyakabiga, nikajaribu kuuona mkono wangu wa Ijumaa iliyopita ukienda kushoto na kuisukuma swichi juu. Niliuona. Kisha nikajiuliza kama ninaukumbuka au ninautunga. Mtu akijiuliza swali hilo mara ya kumi, hata mkono wenyewe huanza kuutilia shaka.

Sikuwa naiogopa mashine. Nilikuwa namfikiria fundi mmoja wa magari wa mtaa wa Buyenzi, ambaye ukuta wa nyumba yake ulipakwa msalaba mwekundu kwa sababu ya karatasi niliyoihesabu mimi. Jumatatu wangekuja watu na nyundo.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke chuo kikuu na lisansi, yaani shahada, ya hesabu. Ofisi iliyonichukua ilikuwa ya upimaji ardhi, katikati ya mji, chumba kirefu chenye feni moja na makabati ya chuma yaliyojaa madaftari. Wapimaji walikwenda nje na teodoliti, chombo chao cha kupimia pembe, wakarudi na pembe na urefu. Sisi tuliobaki ndani tuligeuza pembe na urefu kuwa nukta kwenye ramani, na nukta zile zikawa vigingi ardhini. Wakati huo tulikuwa tukihesabu mfereji mpya wa maji ya mvua, ambao ungepita ukingoni mwa Buyenzi kushuka upande wa ziwa.

Katika chumba kile kulikuwa na viti viwili ambavyo hakuna aliyevikalia. Wenyewe waliondoka mwaka ule wa kamatakamata, ambao watu wengi waliondoka, na sikusikia mtu akiuliza walikwenda wapi. Koti la mmoja wao lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya kiti. Aliyefagia asubuhi alilinyanyua, akapangusa kiti, akalirudisha. Nalitaja hili kwa sababu bila hilo msomaji hatajua kwa nini, katika ofisi ile, kusema umekosea hakukuwa jambo la kalamu na kifutio tu.

Aliyenipokea kazini alikuwa mzee mmoja aliyekuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwa kijana, akawahesabia wapimaji wa Kibelgiji miaka mingi, akabaki. Miwani yake ilishikwa na uzi nyuma ya kichwa. Alikuwa na kitabu cha majedwali kilichofunikwa kwa karatasi ya kaki, kurasa zake nyeusi pembeni kwa dole gumba lake mwenyewe. Ukitaka sini ya pembe yoyote, alilamba kidole, akafungua mara mbili, akakupa tarakimu tano. Mimi aliniita Lisansie, na kila mara alilitamka kama mtu anayesoma bei ya kitu asichokusudia kununua.

Alinifundisha desturi ya ofisi, ambayo waliiita kusomeana. Watu wawili walipewa hesabu ileile, wakakaa wakipeana migongo, kila mmoja na karatasi yake, na hawakuruhusiwa kusemezana hadi wote wamalize. Kisha mmoja alisoma majibu yake kwa sauti, mwenzake akafuata kwenye karatasi yake na kalamu nyekundu, akitia alama kila tarakimu iliyolingana. Na tarakimu zilisomwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Nilipouliza kwa nini, mzee alishangaa kuwa chuo kikuu hakikunifundisha. Namba mbili, alisema, zinafanana mbele hata kama moja ni ya uongo. Ukianzia mbele, sikio linasikia zinaenda pamoja, linalala. Uongo unapita nyuma bila kuonekana. Ukianzia nyuma, sikio halina mahali pa kulala.

Kisha ikaja mashine. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, ikawekwa kwenye meza yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Ilikuja na hesabu zimejengwa ndani yake tayari: sini, kosini, tanjenti, logi, kipeuo cha pili, kila moja na kitufe chake. Uliandika pembe, ukabonyeza, na kabla hujaondoa kidole jibu lilikuwa limeshatokea, tarakimu kumi, likachapwa kwenye utepe mwembamba wa karatasi. Wenzangu walisimama nyuma yangu siku ya kwanza na kucheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Niliuliza moyoni: inajuaje? Nilijua namna sini inavyokokotolewa, nilikuwa nimeandika kurasa nzima za namna hiyo kwenye mitihani. Lakini hii haikuonyesha njia yake. Ilitoa jibu tu, kama mtu asiyeeleza. Kwa miezi niliianza kila asubuhi kwa kuiuliza sini ya nyuzi thelathini. Ikijibu nusu, nilitulia, nikaanza kazi.

Shefu, mkuu wa ofisi, aliipenda mashine kuliko yeyote. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye haraka, na juu yake kulikuwa na watu wenye haraka zaidi. Alisema kusomeana kulikula siku mbili kwa kila karatasi, na kwamba tangu sasa hesabu ya pili nayo ipigwe kwa mashine. Mzee asingehitaji kuhesabu. Angelinganisha tepe mbili, akatia sahihi mahali pa mhakiki.

Ndivyo tulivyofanya karatasi ya mfereji ile Ijumaa. Nilipiga hesabu yote, nikachana utepe, nikapiga yote tena, nikachana wa pili, nikampelekea mzee. Alizishika tepe mbili kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa samaki asiyemwamini.

“Hii ya kwanza nani alihesabu?”

“Ni mimi, mzee.”

“Na hii ya pili?”

“Ni mimi.”

“Basi muko wawili, munasikilizana,” alisema, akatia sahihi.

Niliona kuwa ameumia, na kwa sababu ya kuona hivyo sikusikia alichokuwa akiniambia.

Fundi alikuja ofisini Jumanne. Alikuwa ameosha mikono hadi mikunjo ya viganja ikawa myeupe, amevaa kofia safi ya kusalia, na alikataa kiti. Alimwambia shefu kuwa msalaba ule umepakwa mahali sipo. Wakati wa Wabelgiji, baba yake alishika kamba walipopima mstari uleule wa maji, na chuma walichokipiga ardhini bado kipo, nje ya ukuta. Mstari ulipita nje, baba yake akajenga ndani, na hakuna aliyemsumbua tangu hapo. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na gereji yake, na nyuma ya gereji vyumba viwili alimokaa yeye, mkewe, watoto na mama yake.

Shefu alimsikiliza huku akiangalia saa. Alimjibu kwa adabu kuwa zamani watu walipima kwa macho na kitabu, na sasa kuna mashine, na mashine haikosei. Alinyoosha mkono kunielekeza mimi na mashine yangu. Fundi akatugeukia. Aliiangalia mashine kwa muda, kichwa upande, jinsi nadhani alivyozoea kusikiliza injini.

“Shefu, mi kazi yangu ni mashini,” alisema. “Sijaona yenye inakosa yenyewe. Kila siku naona dereva yenye anakataa kosa lake.”

Watu wawili watatu walicheka chini chini. Shefu hakucheka. Mimi nilitazama swichi. Ilikuwa chini, kwenye gradi, mahali inapokaa siku zote, na hapo ndipo swali langu lilipoanza.

Nieleze swichi ile. Teodoliti zetu mpya zilipima kwa gradi: duara zima ni mia nne, na kila gradi inagawanywa kwa mia, kwa hiyo unaandika nukta na tarakimu zako zinafuata. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyofikiri. Lakini mwelekeo wa kuanzia wa mfereji ulitoka kwenye daftari la zamani la Wabelgiji, na daftari lile lilikuwa la nyuzi: duara ni mia tatu na sitini. Kwa pembe ile moja ilinibidi nisukume swichi juu, nipige, kisha niirudishe chini. Nisingeisukuma, mashine isingelalamika. Ingechukua nyuzi ikadhani ni gradi, ikanipa jibu zuri la tarakimu kumi.

Je, niliisukuma? Utepe ulionyesha namba, haukuonyesha swichi. Kwa hiyo nililala chali.

Jumatano asubuhi nilipata akili kidogo. Nilipiga hesabu makusudi swichi ikiwa mahali pabaya, nione mstari ungekwenda wapi. Pembe ilikuwa arobaini na moja, arobaini na nane. Urefu kutoka jiwe la kuanzia hadi nyumba ya fundi mita mia sita na ishirini. Swichi mbaya ingeupeleka mfereji mita arobaini na tano pembeni, katikati ya nyumba za watu wengine kabisa. Na karatasi yangu haikuonyesha hivyo. Maana yake niliisukuma swichi. Nilikaa nikacheka peke yangu, nikanywa chai, nikala hata mkate. Kwa muda wa saa tatu nilikuwa mtu mwenye furaha.

Saa ya mchana nikatembea hadi Buyenzi, kwenda kuona ukuta. Nilijiambia nakwenda kuthibitisha tu. Barabara za gereji zilikuwa na kelele za kugonga vyuma, na kila mlango ulikuwa na gari lisilo na kitu fulani. Nyumba ya fundi niliijua kwa msalaba. Lakini kilichonisimamisha hakikuwa msalaba. Juu ya paa alikuwepo fundi mwenyewe, aking'oa misumari ya mabati. Chini, mama yake mzee alipokea kila bati, akaliegemeza ukutani, akaliandika namba kwa chaki. Moja, mbili, tatu. Aliniona nikitazama, akanieleza bila kuulizwa: bati likirudishwa mahali sipo pake, tundu za misumari hazikutani, na mvua inapata njia. Popote watakapojenga, alisema, wataanza na la kwanza.

Nilimwamkia. Aliuliza mimi ni mtoto wa nani, na kabla sijajibu fundi alisema kutoka juu, “Mama, huyu ni mutoto wa mashini.”

Mama alinitazama upya, akanikaribisha maji.

Fundi alishuka, akanipeleka nje ya ukuta, akafukua kwa kisigino. Kichwa cha chuma kilitokea, kimeshika kutu, kimenyooka. Kutoka pale hadi katikati ya msalaba alikuwa amepima kwa futi ya seremala. Alipima tena mbele yangu. Mita tatu na nusu, kasoro vidole vitatu.

“Sema tu kitu kimoja,” aliniambia. “Namba ilitoka kwa mashini ao ilitoka kwa mutu?”

Nilimwambia nitaangalia. Alisema sawa, akapanda tena juu kung'oa misumari.

Mita tatu na nusu. Nilirudi nikiitafuna namba hiyo. Mita arobaini na tano ningeielewa. Ilikuwa na swichi nyuma yake. Hii haikuwa na mwenyewe. Nilipofika mezani nikaigeuza: ni pembe gani ndogo, kwa urefu wa mita mia sita na ishirini, inayokutupa mita tatu na nusu pembeni? Karibu theluthi moja ya nyuzi. Nukta tatu mbili. Nani angekosea theluthi ya nyuzi? Mpimaji hawezi, chombo hakiwezi. Nilipitia daftari, nilipitia utepe. Daftari lilisema 41, nafasi, 48. Utepe ulisema 41.48. Nilitazama namba hizo mbili hadi jioni nikaona namba moja.

Alhamisi, mzee alipokwenda kwenye kabati, niliomba kitabu chake. Alinipa. Nilikifungua kwenye nyuzi arobaini na moja. Ukurasa ulikuwa na safu ndefu ya dakika upande wa kushoto, na kidole changu kikaanza kushuka kutafuta arobaini na nane. Nilitegemea kuikuta karibu na katikati. Nilipita katikati, nikaendelea kushuka, nikaikuta huko chini, mistari kumi na mbili kabla ya ukurasa kwisha. Safu ilikwisha kwenye sitini.

Sitini. Nyuzi moja ina dakika sitini, kama saa. Mtoto yeyote anajua kuwa saa moja na dakika thelathini ni saa moja na nusu, ingawa imeandikwa 1.30. Na mimi, mwenye lisansi, nilikuwa nimeandika dakika arobaini na nane baada ya nukta kana kwamba ni arobaini na nane za mia. Dakika arobaini na nane ni nyuzi nukta nane. Toa nukta nne nane kwenye nukta nane, inabaki nukta tatu mbili. Ile theluthi yangu ilikuwa hapo, inanitazama.

Kitabu kilisema sini ni 0.66653. Utepe wangu ulisema 0.66236. Niliitafuta ile ya utepe kitabuni, nikaikuta juu zaidi, kati ya dakika ya ishirini na nane na ya ishirini na tisa, ikikaa kwa amani mahali pake. Haikuwa namba ya uongo. Ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo daftari halikuliuliza. Hata kitufe cha kugeuza dakika kilikuwepo kwenye mashine, safu ya juu, na sikuwahi kukibonyeza kwa sababu gradi hazikihitaji. Siku tatu niliilinda swichi kama mlango wa mbele, na kosa lilikuwa limeshaingia dirishani, limekaa.

Na kusomeana je? Ndiyo, tepe mbili zililingana. Zililingana kwa sababu zilitoka kwenye kidole kimoja. Mzee angehesabu kwa kitabu chake, asingeweza kukosea nilivyokosea mimi, hata angetaka: kidole kingeshuka kwenye safu ya dakika, na safu ile haikuwa na mahali pa kuliweka kosa langu.

Nilimwonyesha. Hakuhitaji maelezo, alitazama utepe, akatazama daftari, akavua miwani. Nilisubiri aniite Lisansie. Hakuniita.

“Funga kitabu,” alisema.

Nilidhani hakuelewa, nikaanza upya. Alinikatiza kwa sauti ndogo. Aliniuliza kama nimesoma jina lililo chini ya karatasi ile, mahali pa mhakiki. Alisema kosa la hesabu lina mwenye kuhesabu, lakini kosa lililotiwa sahihi ni la mwenye sahihi. Kisha kidevu chake kikaelekea kidogo kwenye viti viwili.

“Wale nao walikuwa na sahihi nzuri,” alisema. “Mi nimebakiza mwezi tatu ya kazi, mutoto wangu. Tatu tu. Niache nitoke kwa mlango.”

Nilifunga kitabu. Ijumaa nilifanya ninachokifanya siku zote, yaani nilifikiri. Niliweza kuandika karatasi mpya na kuiingiza kwenye faili kimya kimya. Lakini amri ilikuwa imeshakwenda kwa watu wa ujenzi, na karatasi iliyojificha haiwezi kufuta rangi ukutani. Niliweza kumwendea shefu peke yake. Angetafuta wa kumlaumu, na jina lingekuwa lile lile la chini. Niliweza kunyamaza. Niligundua kwa hofu kuwa kunyamaza ndiko kulikonipa hoja nyingi zaidi. Kwamba mfereji utasaidia watu wengi. Kwamba labda chuma kile kilisogea. Kwamba mimi ni kijana na nina mama wa kulisha. Kwamba mzee ameniomba. Kila hoja ilikuwa safi, ya tarakimu kumi. Nikakumbuka yule mama na chaki yake. Nikajiuliza amefika bati la ngapi.

Nilichokuwa nikikitafuta siku nzima, naona sasa, ilikuwa njia ya kusema ambayo ingenifanya nisionekane nikisema. Haikuwepo.

Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Fundi alikuja tena, kofia ileile, akasimama palepale. Shefu alikuwa na hati ya kumkabidhi, amri ya kubomoa, yenye muhuri, na alimwambia aweke sahihi kuwa ameipokea. Fundi alisema atatia sahihi, hana shida, lakini yule kijana alisema ataangalia, naye anataka kujua ameona nini. Chumba kizima kikanitazama.

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilichosema ni kwamba naomba karatasi ya mfereji isomwe.

Shefu alisema imeshasomwa, ina sahihi.

“Haikusomwa, shefu,” nilisema. “Zote mbili nilihesabu mimi. Mzee aliletewa tepe tu, kwa amri ya ofisi. Hesabu ya pili haijawahi kufanyika. Naomba ifanyike sasa kwa kitabu, na mimi nisome yangu.”

Alinitazama, na nilijua anapima kama nimemlaumu. Nilikuwa nimemlaumu. Aliuliza kwa upole ulionitisha kuliko ukali kama ninasema mashine imekosa. Nikasema hapana, mashine ilijibu nilichoiuliza. Akauliza ni nani sasa atakayehesabu, maana mzee alishaachana na mambo hayo. Nikamwambia kama mzee hataki, nitasoma mbele yake yeye, naye ashike kitabu, nitamwonyesha safu.

Hapo tukasikia kiti kikivutwa. Mzee hakututazama. Alifungua jalada la kaki la kitabu chake na kutoa kutoka kwenye mkunjo wake karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wake mdogo, safu kwa safu, hadi chini. Sijui aliihesabu lini. Aliikunjua, akainyoosha kwa kiganja, akachagua kalamu nyekundu, akageuza kiti chake kunipa mgongo, kama desturi ilivyotaka.

“Soma, Lisansie,” alisema. “Na usikimbie.”

Nilichukua karatasi yangu, yenye muhuri na sahihi mbili, nikageuza kiti changu pia. Mbele yangu nilimwona fundi, na nyuma yake dirisha. Jibu langu la mstari wa kwanza lilikuwa mia nne na kumi, nukta sita sita. Nilianza na ya mwisho.

“Sita,” nikasoma.

Niliisubiri sauti ya kalamu nyuma yangu. Haikuja.

“Sita.”

Kimya. Shefu alikuwa amesogea karibu, akitazama juu ya bega la mzee.

“Sifuri.”

Hakuna kitu.

“Moja,” nikasema, na kalamu ikakwaruza. “Nne.” Ikakwaruza tena. Mbele zilifanana, kama alivyoniambia siku ya kwanza.

“Soma mustari ya pili,” alisema mzee, na mimi nikaendelea kusoma.